Kibandiko Mfukoni mwa Mama Jasi

Watu wa kanisani kwake walidhani anafagia. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi makumbusho, na kila alipoulizwa anafanya nini huko alijibu, "Nipo nipo tu," akageuza mazungumzo. Muulizaji aliitazama mikono yake iliyopauka na vumbi jeupe kwenye kucha, akajijibu mwenyewe kwamba huyu mama anapiga deki. Naye hakumsahihisha mtu. Uongo hakusema, lakini tusimpambe kupita kiasi: alijua fika wanavyodhani, na ilimfaa waendelee kudhani.

Ukweli ni kwamba alikuwa fundi, na fundi hasa. Mifupa ya kale inayochimbwa ardhini haiwekwi mbele ya wageni wenye vidole vya kugusagusa. Hufungiwa stoo, kwenye kabati la chuma, kila mmoja na sanduku lake lenye sponji. Kinachowekwa ukumbini ni nakala. Na nakala zote za jengo lile, kuanzia jino la kiboko hadi mguu mzima wa mnyama ambaye hayupo tena duniani, zilitoka kwenye meza ya mwanamke mmoja. Chumba chake kilibanwa kati ya stoo na choo cha wafanyakazi. Kilikuwa na bomba lisiloacha kudondosha maji, na magunia ya unga wa jasi yaliyoinuliwa juu ya mbao ili yasile unyevu. Kazini walimwita Mama Jasi. Kanisani aliitwa Mwalimu, na majina hayo mawili hayakuwahi kukutana.

Alianza kwa kuupaka mfupa utomvu wa mpira, tabaka juu ya tabaka, kwa brashi laini. Ukishakauka aliuvua taratibu, na hapo alikuwa amepata kalibu, ganda lenye umbo la mfupa. Ndani ya kalibu alimimina uji wa jasi, akaigongagonga ubavuni kwa mwiko ili mapovu ya hewa yapande juu, maana povu moja likibaki, nakala hutoka na tundu mahali ambapo marehemu hakuwa nalo. Halafu rangi. Rangi za dukani alizidharau. Alitumia chai iliyokolea, kahawa kidogo na dawa ya viatu ya kahawia, akasugua kwa vipande vya fulana kuukuu za mumewe, ambaye alilalamika kwamba fulana zake zinazikwa kabla yake.

Kabla ya kufungua kalibu alifumba macho akasali. Profesa, mkuu wa idara ya mifupa, mtu mrefu mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, alikuwa ameshazoea kusubiri.

"Umeshasema amina? Tufungue?"

"Bado, Profesa. Usimharakishe Mungu."

"Siwezi kumharakisha mtu ambaye hayupo."

"Kama hayupo hawezi kukuchelewesha. Tulia."

Profesa hakuamini, na hakuficha. Kwake yeye mtu alitokea polepole, kizazi juu ya kizazi, kutoka kwa viumbe waliomtangulia. Kwa Mama Jasi mtu aliumbwa na Mungu, na mjadala umekwisha. Haukuisha. Ulidumu miaka ishirini na miwili, saa ya chai, na hakuna aliyemgeuza mwenzake. Profesa akisema, "Huyo Mungu wako angeniandikia tarehe tu juu ya mfupa, ningepumzika," mama alimjibu, "Angekuandikia, ungekosa kazi." Wakacheka, wakarudi kila mtu kwenye meza yake. Si ndugu wengi wa damu wanaoweza kubishana hivyo bila kugombana.

Katika yote aliyoyapitisha mikononi, moja lilimkaa moyoni. Lilikuwa fuvu la mtoto, dogo, la kuenea kwenye viganja viwili. Meno ya utotoni yalikuwa bado yamo, ila moja la mbele, na ndani ya pengo lake jino la ukubwani lilikuwa limeanza kuchungulia. Profesa alipolileta alitaja miaka milioni na zaidi. Mama Jasi hakuisikia hata hiyo hesabu.

"Mama yake yuko wapi?" aliuliza.

Profesa alivua miwani akaifuta. "Hakupatikana," alisema, na siku hiyo hakuna aliyebisha.

Mama Jasi na mumewe hawakujaliwa mtoto. Watoto wake walikuwa wale wa darasa la Jumapili, chumba kidogo nyuma ya kanisa chenye mabenchi sita na ubao uliochakaa. Aliwafundisha miaka ishirini na sita. Nusu ya kwaya ilijifunzia hadithi ya Adamu na Hawa kwake, na mzee mmoja wa kanisa, mwenye kitambi na heshima zake, utotoni aliwahi kupigwa kibao cha mkono na Mwalimu kwa kutafuna ubani wakati wa sala. Wiki nzima Mwalimu aliitumia kuingoja Jumapili. Mtu angemwambia achague kati ya mshahara wake na mabenchi yale, asingehitaji hata kukaa chini afikirie.

Nakala ya fuvu la mtoto ilimchukua wiki sita. Iliwekwa ukumbini kwenye meza ya kugusa, ili wanafunzi wa shule waishike na kuizungusha, na chini yake kulikuwa na kibandiko cha plastiki: Hii ni nakala. Fuvu halisi limehifadhiwa stoo. Siku moja, akiifuta meza ile, kibandiko kilibanduka. Alikitia mfukoni mwa aproni akaenda kuomba gundi. Mtunza stoo alimwambia gundi imekwisha, ajaze fomu. Fomu nazo zilikuwa zimekwisha. Kibandiko kikakaa mfukoni miezi mitatu, kikafuliwa pamoja na aproni mara nyingi tu, kikatoka safi kila mara. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hawakukosea hata hatua moja.

Kanisa likaleta mhubiri mgeni kwa semina ya wiki mbili. Mada ilikuwa asili ya mtu. Alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na suti iliyombana mabegani, wala si mtu mbaya: aliwapenda vijana, na alichokisema alikiamini. Alhamisi ya wiki ya kwanza aliwapeleka vijana makumbusho. Mama Jasi alikuwa chumbani kwake mikono imezama kwenye beseni, hakuwa na habari. Mhubiri alisimama mbele ya lile fuvu kwenye meza ya kugusa, akaligonga kwa ukucha, akakunja uso. Akatoa ufunguo wa gari, akakwaruza taya. Unga mweupe ukadondoka.

Jumapili alipanda mimbarini na kitambaa cheusi. Alikikunjua taratibu mbele ya kanisa zima, na katikati yake kulikuwa na unga.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Hili ndilo fuvu la babu yenu wanalowafundisha mashuleni. Jasi! Ileile ya kupigia dari! Wamekaa mezani wakalifinyanga kwa mikono yao, halafu wanawaambia watoto wenu, huku ndiko mlikotoka!"

Kanisa likaripuka. Mama Jasi, benchi la tatu, alichosikia kwanza, na tumsamehe, ni hasira ya fundi. Taya lile alilirudia mara tatu mpaka likakubali. Hasira ilipopungua ndipo alipokumbuka aproni, na mfuko, na kilichomo mfukoni.

Mchungaji wao, mzee mpole aliyewabatiza wengi mle ndani, alisimama akitabasamu. "Hata hatuna haja ya kwenda mbali. Mwalimu wetu wa watoto anafagia palepale. Mwalimu, hebu simama."

Alisimama. Macho yote yakamgeukia.

"Mama yangu," mhubiri alisema kwa heshima, "wewe umekiona kwa karibu kuliko sisi. Mbele za Mungu, kile kitu ni jasi ama si jasi?"

"Ni jasi," alisema Mama Jasi, "lakini..."

Hiyo lakini hakuna aliyeisikia. Kinanda kilishaingia, vigelegele vikafuata, mtu akaanzisha wimbo na watu wakasimama. Angeweza kuinua mkono. Angeweza kungoja wimbo uishe, na nyimbo zote huisha. Aliketi.

Darasani watoto walimpokea kwa makofi. Alikuwemo binti mmoja wa miaka saba, mwenye pengo mbele, ambaye darasa zima lilimwita Kwanini kwa sababu hakuwa na neno jingine. Alimshika Mwalimu sketi.

"Mwalimu, kwa hiyo wale watu wa makumbusho ni waongo?"

"Tukae, tuanze somo," alisema Mwalimu. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukwepa swali la mtoto, na Kwanini aliliona hilo, akabaki amemkodolea macho.

Mchana, nyumbani, Mama Jasi alisuuza sahani ileile mara tatu. Mumewe, msomaji mita za maji mstaafu, alikuwa mezani akimalizia chakula chake, na alimfahamu mkewe kuliko alivyozifahamu mita zote za mji ule.

"Hiyo sahani imekukosea nini?"

Alimweleza yote, hadi kibandiko. Mume alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kiti.

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Kusema nusu iliyobaki. Kwamba nililitengeneza mimi, na lenyewe lipo stoo."

"Watakunyang'anya darasa, mke wangu."

"Najua."

"Wataona umewaficha miaka yote hii kumbe unawatengenezea wale watu mafuvu."

"Baba, najua. Usinihesabie."

"Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," alisema mumewe, akikuna kidevu. "Ila sijawahi kusikia kwamba ni mpenzi wa baraza la wazee."

Alicheka bila kupenda, kisha machozi yakamtoka palepale. Mumewe akamchukulia ile sahani mkononi, akaifuta, akaiweka kabatini.

"Usiposema utaninunia mpaka mwaka uishe, na mimi ndiye nitakayeumia. Kaseme. Wakilichukua darasa, utanifundisha mimi. Zile zaburi nimesahau zote."

Jumatatu asubuhi alikiweka kibandiko juu ya meza ya Profesa. Hakukaa, akaeleza tangu lini kilikuwa mfukoni mwake. Picha ya unga kwenye kitambaa cheusi ilikuwa imeshazunguka kwenye simu za watu, na simu ya ofisi ilikuwa haipumui.

"Miezi mitatu?" Profesa aliuliza.

"Miezi mitatu. Na jana nikaulizwa kama ni jasi, nikasema ni jasi, nikaketi."

Profesa hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Mama," alisema, "maisha yangu yote nimepima kila kitu mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Kusudi nisije nikaitwa mwongo. Tangu jana naitwa mwongo na watu nisiowajua. Na wewe ulikuwepo."

Lile neno lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Wazee wa kanisa wangemuuliza amri ya tisa inasema nini angeitamka hata usingizini, ile ya kumshuhudia jirani uongo. Siku zote alipoifundisha alimwona jirani kama mtu wa nyumba ya pili. Kumbe jirani yake alikuwa huyu, asiyesali, aliyemsubiri aseme amina kwa miaka ishirini na miwili.

"Nisamehe, Profesa. Nipe ile kalibu, na jasi robo gunia. Jumapili nazihitaji."

"Uende nazo wapi?"

"Kanisani."

"Watakupiga mawe."

"Mawe yote unayo wewe, Profesa. Sisi tuna mabenchi tu."

Profesa alijaribu kubaki na hasira zake, zikamponyoka. Akachukua kalamu, akaandika kibali cha kutoa kalibu nje ya jengo, kisha akamrudishia kibandiko. "Hiki nacho peleka," alisema.

Jumapili ya pili, wakati wa matangazo, Mama Jasi aliomba dakika tatu. Alikuja mbele na aproni ya kazini juu ya gauni la ibada, ndoo ya maji mkono huu, beseni lenye mfuko wa jasi na mwiko mkono huu, kalibu kwapani. Wanakwaya walitazamana. Mchungaji alidhani mama ametoka mbio kazini, akampisha.

Hakuanza kwa kusema. Alimwaga maji kwenye beseni, akanyunyiza unga juu yake kwa kiganja, kidogo kidogo, maana ni unga unaokwenda kwenye maji, si maji kwenye unga. Ukikosea hapo unapata mabonge. Akakoroga bila kuinua mwiko. Akamimina kwenye kalibu, akaigongagonga ubavuni, tok, tok, tok, na kanisa zima likamsikiliza.

"Hii inataka nusu saa kushika," alisema. "Mchungaji, mahubiri yako yatatosha?"

Hata wazee walicheka, kwa sababu mahubiri yake hayakuwahi kupungua dakika hamsini. Akahubiri, lakini hakuna aliyeweza kukuambia alihubiri nini. Macho yalikuwa kwenye kalibu. Alipomaliza, Mama Jasi alisimama tena, akafumba macho, akasali midomo ikicheza bila sauti, akasema amina, akafungua. Fuvu la mtoto likatoka jeupe, bado lina joto la jasi.

"Mtumishi alisema kweli," alianza. "Lile la makumbusho ni jasi. Nami nilisema kweli, ila niliisema nusu. Nusu ya pili ndiyo hii. Lile fuvu nililitengeneza mimi, kwa mikono hii. Sifagii pale. Hii ndiyo kazi yangu, na niliwaacha mkadhani nafagia kwa sababu niliogopa mtanitoa kwa watoto. Fuvu lenyewe lipo, limefungiwa stoo. Nimelishika mara kumi na moja. Ni zito, ni jiwe, na si jasi."

Mhubiri aliinuka kwenye kiti chake cha mbele.

"Mama, kwa hiyo sasa unasimama hapa madhabahuni kumtetea shetani?"

"Namtetea jirani yangu, Mtumishi. Umesema amedanganya watoto. Hakudanganya. Aliandika kwamba ni nakala." Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akakitoa kibandiko, akakiinua juu. "Maandishi yalikuwa humu. Uzembe ni wangu, si wa wale watu. Na wewe ungekuja chumba cha nyuma ukauliza, ningekuambia na chai ningekupa."

"Basi tuambie wewe," alisema mhubiri. "Mtu ametoka kwa Mungu ama kwa nyani?"

"Kwa Mungu," alijibu bila kufikiri. "Hilo naamini tangu sijaota meno. Lakini ukiniuliza alimfanyaje, siku ngapi, kwa udongo wa wapi, sikuwepo. Hakuniita nimshikie beseni."

Mtu mmoja kwenye kwaya akakohoa ili asicheke. Mhubiri akakaa, akakikunja kile kitambaa cheusi kidogo kidogo mpaka kikatosha ndani ya ngumi. Mama Jasi aliacha fuvu juu ya meza ya matangazo, akabeba ndoo yake, akatoka na mumewe, aliyekuwa amemsubiri mlangoni na beseni ameshalichukua. Tuseme tu kweli: wapo waliobatizwa katika mito mitatu ambao wasingeweza kuzipita zile hatua za kutoka pale mbele mpaka mlangoni.

Baraza la wazee lilikaa Jumatano. Yule mwenye kitambi alimtetea, hakutosha. Barua ilisema apumzike kufundisha kwa muda usiojulikana, asije akawachanganya watoto. Darasa akapewa dada mmoja mshonaji, mpole, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye alikuja nyumbani kuomba radhi na kulia. Mama Jasi alimpa chaki zake, akamwonyesha ni benchi lipi lina msumari. Alipofunga mlango alikaa kitandani na gauni la ibada, asilivue mpaka jioni.

Asikuambie mtu kwamba msema kweli halali na maumivu. Yalimuuma vibaya. Jumapili saa ya darasa ikifika, miguu ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Mchungaji, ambaye hakujua amtazame vipi, alimpa kazi ya kubandika vitabu vya nyimbo vilivyochanika, kwenye meza ndogo nje ya ofisi yake. Gundi ya kanisa haikuhitaji fomu. Alibandika kimya, na kupitia ukuta aliwasikia watoto wakiimba nyimbo alizowafundisha, wakikosea palepale walipokuwa wakikosea siku zote.

Jumapili ya nne dada mshonaji alimpita haraka, akaingia ofisini kwa Mchungaji, mlango akauacha wazi.

"Mchungaji, mtoto ameniuliza kama lile fuvu ni la kweli ama la uongo."

"Mwambie ni jasi."

"Nimemwambia. Akauliza, kwa nini basi Mwalimu alisema lipo lingine? Mimi sijui nimjibu nini. Kumwambia Mwalimu ni mwongo siwezi. Ndiye aliyenifundisha amri zote kumi, Mchungaji. Hata wewe unajua."

Pale mezani brashi ya gundi ilisimama. Ofisini kiti kikalia. Mchungaji alitoka. Mkononi alikuwa na lile fuvu jeupe, ambalo siku zote hizo lilikaa kwenye rafu yake juu ya vitabu, na mtu alikuwa amelifuta vumbi.

"Mama, baraza lilisema upumzike."

"Nimepumzika, Mchungaji."

"Mtoto akikuuliza, utamjibu nini?"

"Ninachokijua nitamwambia nakijua. Ninachokiamini nitamwambia nakiamini. Sitamchanganyia."

Mchungaji aligeuza fuvu, akatazama yale meno madogo. Alikuwa babu wa watu, na alijua meno ya umri ule. "Mimi nilishangilia kabla sijauliza," alisema polepole. "Kwa umri wangu huu. Nenda kwa watoto. Baraza nitalijibu mimi."

Kabla ya kulipokea fuvu, Mama Jasi aliingiza mkono mfukoni. Kule makumbusho walikuwa wamebandika kibandiko kipya kwa misumari, na Profesa alikuwa amemwachia hiki cha zamani. Alikipaka gundi ya kanisa, akakikandamiza chini ya fuvu kwa kidole gumba, akahesabu mpaka sitini.

Watoto walipomwona walisimama wote. Akawakalisha, akalipitisha fuvu kwenye mabenchi, mkono kwa mkono, mpaka likamrudia. Kwanini alikuwa mbele, pengo lake limeshaanza kujazwa.

"Mwalimu, ni la kweli ama la uongo?"

"Hili ni nakala, nimeitengeneza mimi. Soma hapa chini. Nakala iliyoandikwa nakala si uongo. Lenyewe lipo, nimelishika."

"Alikuwa mtu?"

"Yupo Profesa, rafiki yangu, anayesema alikuwa ndugu yetu wa mbali, wa zamani mno. Wapo wanaosema hapana. Mimi hilo silijui. Najua alikuwa mtoto, hajamaliza hata kubadilisha meno. Na ninaamini aliyemuumba anamjua."

Kwanini aliweka kidole kwenye pengo la fuvu, kisha kwenye pengo lake. Akafikiri.

"Mama yake yuko wapi?"

Mama Jasi alilivuta fuvu mapajani.

"Hakupatikana," alisema.

Dada mshonaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaegemea ukuta.

"Basi tumwombee mama yake," alisema Kwanini, akafumba macho bila kungoja ruhusa. Na watoto wote wakainamisha vichwa, benchi baada ya benchi, na Mwalimu naye akainamisha chake, fuvu akiwa amelipakata.